NG'OMBE ANAYEPIGA PEMBE



Kila Ijumaa jioni simu zetu zinalia: "Alcoblow iko Ruring'u, pitieni kwingine." Na anayetuma ni mtu wetu, Jumapili yuko kwaya. Nauliza, umemwokoa nani? Mlevi umemwepusha na korti. Mama anayevuka barabara pale Chaka umemwepusha na nini?

Mnanijibu, "Pastor, hata sheria yenyewe haieleweki." Ni kweli imeyumba. Kipimo kilianza kutumika barabarani Desemba 2013. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikafuta kanuni zake kwa kuwa ziligongana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki. Mwaka wa 2025 serikali ikaleta rasimu mpya, inayotaka dereva wa matatu, wa lori na wa basi la shule asiwe na pombe mwilini hata kidogo. Lakini majaji walihukumu maandishi ya kanuni. Hawakusema mlevi anaona vizuri. Kanuni ikifutwa, mti wa kando ya barabara haulainiki.

Someni Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akiua mtu ghafla, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama tabia yake ya kupiga pembe ilijulikana, mwenyewe akaonywa na asimfungie, basi naye ana damu ya mtu mikononi. Wapendwa, sisi tumeonywa! Mwenye matatu anayejua dereva wake hunywa, lakini anampa ufunguo kwa sababu analeta hesabu nzuri, ng'ombe ni wake. Familia inayoaga wageni wa ruracio wakipepesuka kuelekea kwa magari, ng'ombe ni wao. Na wewe uliyetuma ile meseji, umemfungulia lango.

Halafu ajali ikitokea kati ya Sagana na Marua, tunakesha tukikemea pepo la barabara. Tukemee, amina. Lakini tusimsingizie shetani kazi ya chupa tuliyoiona ikinywewa.

Wiki hii usingoje Bunge wala polisi. Futa hizo meseji. Mwenye gari, msogelee dereva wako alfajiri, umnuse kabla ya kumpa ufunguo. Ndugu yako akilewa, mnyang'anye ufunguo. Atakutukana. Afadhali akutukane akiwa hai.

Mbarikiwe. Mtumie huyo uliyemfikiria ukisoma.