Msinipishe, Nipanulieni Foleni

Wanafunzi wenzangu, hapa Upanga watu wana moyo mzuri, na moyo huo una neno lake: "Mpisheni!" Nikitokea tu na skuta yangu ya umeme kwenye foleni yoyote, iwe ya kantini, ya benki au ya dirisha la dawa, hakosekani mama mmoja mwenye sauti: "Jamani, mpisheni huyo kaka, mgonjwa!" Watu wanaachana, napelekwa mpaka mbele, nahudumiwa, naondoka. Wanaobaki nyuma wengine wananionea huruma, wengine wanasonya. Mimi wala sijaomba kupishwa. Nilikuja kupanga foleni.

Najua kuna watakaosema sina shukrani. Ngojeni kwanza.

Tuanze na chombo chenyewe. Watoto wa mtaani wanakiita kibajaji, na sijapata jina zuri kuliko hilo. Kina magurudumu manne, usukani, kiti kimoja, na betri mbili za volti 12 chini ya kiti. Upana wake ni sentimita 60. Kiliingia nchini ndani ya kontena la mitumba, na fundi anayekitunza yuko Gerezani, bajaji ndiyo kazi yake hasa. Mimi sijapooza. Nina selimundu, na nyonga yangu ya kushoto imeharibika: damu haikufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa. Kutembea natembea. Kutoka kitandani mpaka bafuni nafika, na siku nikiamka vizuri napanda ngazi nne tano. Nisichokiweza ni kusimama dakika arobaini juani. Nchi hii inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kuwa jirani yako wa darasani naye anayo, ila yeye hana kibajaji.

Sasa huruma ina tabia moja: inataka mgonjwa afanane na mgonjwa. Siku nikiinuka kwenye skuta kuchukua sahani yangu, nasikia nyuma, "Kheee, kumbe anatembea!" Jamaa mmoja aliwahi kupaza sauti, "Haleluya!" Kantini nzima ikacheka, hata mimi nilicheka, maana aliipatia. Lakini kicheko kikiisha linabaki swali machoni mwa watu: sasa huyu anapitaje mbele yetu wakati miguu anayo? Swali lao ni la haki kabisa. Tatizo ni kwamba nimepewa upendeleo nisioutaka, halafu natakiwa kuutetea.

Na mnajua ninachokosa nikipitishwa? Habari. Foleni ndiyo redio ya chuo. Ni pale unapojua nani ana past pepa, chumba gani kimebaki wazi hosteli, mhadhiri gani amesafiri, nani kaachana na nani. Mwaka wa kwanza, siku ya kusaini boom, nilipitishwa mbele ndani ya dakika tatu, nikarudi zangu chumbani nikiwa sina hata bando. Huku nyuma CR akapita kwenye foleni akiwaambia watu kwamba jaribio la Ijumaa limesogezwa hadi Jumatano. Wenzangu waliokuwa hawana bando kama mimi walizipata habari kwa kuwa walikuwa wamesimama pale. Mimi nilizipata Alhamisi. Hakuna aliyenitendea ubaya siku ile. Wote walinitendea wema. Ndiyo maana nashindwa hata pa kulalamika.

Suala hili limewatoa jasho hata watu wenye foleni kubwa kuliko zetu. Kule Florida, Marekani, kwenye viwanja vya michezo vya Disney, mtu anaweza kupanga foleni saa nzima ili apande bembea la dakika tatu. (Sisi bembea zetu tunazisubiri Sabasaba, tusicheke sana.) Kwa miaka mingi pale kulikuwa na kadi maalumu kwa wenye ulemavu, na mara nyingi ukiwa na kiti mwendo au skuta uliingizwa kwa mlango wa pembeni pamoja na familia yako. Mwaka 2013 likazuka gumzo: gazeti moja la New York liliandika kwamba kuna matajiri wanaokodi watu wenye ulemavu wajifanye ndugu wa familia, ili ukoo mzima upite mbele. Oktoba mwaka huohuo kadi ile ikaondolewa. Utaratibu uliofuata ulikuwa huu: asiyeweza kukaa kwenye foleni anapewa saa ya kurudi kulingana na urefu wa foleni ilivyo, anaenda kusubiri kwingine. Anasubiri kama wengine, ila sehemu tofauti. Na mwenye magurudumu ambaye kusubiri anaweza, anaingia foleni ileile ya wote, kwa sababu foleni nyingi za pale zimeachwa pana kiasi cha skuta kupita na kukata kona. Mwaka 2024 masharti ya kupata saa ya kurudi yalibanwa zaidi, na malalamiko hayajaisha. Lakini lile la upana sijasikia mtu akililalamikia. Nani atakodi mlemavu ili akasubiri naye saa nzima?

Tusiende mbali. Hapa Dar bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, na watu wenye ulemavu wakawa wanaachiwa waingie na za kwao. Jambo jema. Ila lilikuwa la kuachiwa, na cha kuachiwa kina mwenyewe. Juni 2017 walipojitokeza barabarani kudai bajaji zao ziendelee kuingia mjini, polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Kati ya waliokimbia, wapo ambao kukimbia kwenyewe ndiko walikokuwa hawakuwezi. Kila nikisikia "mpisheni" namkumbuka mtu yule wa bajaji: leo anapishwa kwa sababu mkubwa yuko na moyo mzuri, kesho mkubwa kaamka vibaya. Njia ya mteremko ya zege haiamki vibaya.

Mfano wa zege tunao hapohapo Fire, tunaposhukia tuliopanga nje. Vituo vya mwendokasi, tangu mradi uanze kazi mwaka 2016, vina njia za mteremko za kupandia, na sakafu ya jukwaa iko usawa wa sakafu ya basi. Aliyechora pale alinifikiria kabla hajanijua, na hakuniita mgonjwa. Saa nne asubuhi naingia na kibajaji changu, nalipa, nasubiri, napanda, na hakuna anayegeuka kuniangalia. Raha ilioje kutotazamwa!

Saa kumi na moja jioni ni hadithi nyingine. Basi likifungua mlango, foleni inakufa. Kuna viwiko, kuna begi za mgongoni, kuna wanaopita dirishani. Pale hata "mpisheni" haisikiki. Mwenye nguvu anapanda, mama mwenye mtoto anabaki, mzee anabaki, mimi nabaki, basi la pili, la tatu. Kwa hiyo msinielewe vibaya: sisemi foleni ni mbaya. Foleni ndiyo kitu pekee mjini kinachompa mtu dhaifu zamu sawa na mtu mwenye misuli. Nataka iwepo, na nataka niwe ndani yake.

Turudi chuoni, maana serikali ya wanafunzi haina mamlaka juu ya mwendokasi, lakini juu ya kantini inayo sauti. Kila uchaguzi wagombea wanaahidi kutetea wenye mahitaji maalumu. Baada ya kuapishwa tunaona picha: rais, waziri, kiti mwendo kimoja chenye utepe, makofi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inadai majengo ya umma yafikike, na haisemi chochote kuhusu utepe.

Nilichukua futi ya fundi nikapima. Yale mabomba yanayoelekeza foleni ya kantini yameachana sentimita 55. Skuta yangu, nimesema, ni 60. Yaani kinachonifanya niitwe mgonjwa na kupitishwa mbele kila mchana ni sentimita tano. Mchomeleaji akiyasogeza yakafika 90, nitapita mimi, atapita mwenye magongo, atapita na dada mwenye mimba ya miezi minane anayepita kiubavu siku hizi. Ni kazi ya siku moja, bei yake haifiki hata ya ule mkutano wa kuijadili. Dirisha la malipo nalo lishushwe, au wakate upande mmoja tu, ili mtu aliyeketi aonekane na mhudumu badala ya kunyoosha mkono wenye noti kama anayesimamisha daladala.

Na siku maumivu yakinishika kweli? Zipo siku hizo, na wenye selimundu mnazijua. Siku hiyo nitaomba mwenyewe. Nitasema, "Mama, leo naomba nipite," na akinipisha nitamshukuru kwa dhati, kwa sababu safari hii atakuwa amenisikiliza.

Futi ninayo bado. Waziri anayehusika akitaka tupime wote, saa saba mchana nakuwa kantini, mwanzo wa mabomba, upande wa nje.