Ita fundi wa mabati kwanza

Mimi ni fundi wa stima hapa Litein, Kericho, na wengi wanaonipigia simu wakati wa mvua hawanihitaji mimi. Wanamhitaji mtu wa mabati.

Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, ndiyo maana chai inanawiri. Hunyesha mawe pia. Mabati ya geji 30, yanayopendwa na wenye ploti kwa bei yake, hubonyea, misumari ikalegea, maji yakapenya. Hayo maji hufuata mbao, yakafuata waya hadi kwenye maungio yaliyofungwa tepu juu ya silingi, yakateremka ndani ya paipu mpaka kwenye swichi. Mpangaji anataka kuwasha taa, anarushwa.

“Mama, ulizima meni swichi?”

“Mwenye ploti aliniambia nipanguse tu.”

Apanguse volti 240 kwa kitambaa! Na asidhani fyuzi itamwokoa. Fyuzi ya taa ya ampea 5 iliwekwa kulinda waya, wala haikatiki kwa sababu ya mtu. Moyo unaweza kuvurugika kwa ampea 0.1. Kipo kifaa kinacholinganisha stima inayoingia na inayorudi, kikakata ikivuja kama ampea 0.03. Katika ploti ninazoingia, ni nadra nikikute. Ethi yenyewe mara nyingine ni waya uliochomekwa ardhini kwa ajili ya macho ya mkaguzi.

Mwenye nyumba akifika husema, “Fundi, badilisha waya, nitakulipa.” Namjibu, “Mzee, waya mpya chini ya tundu lile lile utalowa kabla sijafika nyumbani.” Hapo ananiona mjeuri.

Mpangaji ashtaki wapi? Sheria ya kudhibiti kodi, Sura 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba chenye stima mjini kwa pesa hizo, nionyesheni.

Basi nikikuta silingi imelowa, nakata laini ya chumba hicho, na siirudishi mpaka mabati yazibwe na kuta zikauke. Baadhi ya wenye ploti wamenihama, wakaenda kwa vijana wasio na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Wapangaji nao hunung'unika, na wana haki: giza ni lao na kodi ni ile ile. Bunge likitaka kuwasaidia, liruhusu siku hizo zikatwe kwenye kodi. Ngazi ya kupandia mabati itapatikana jioni hiyo hiyo.