Muziki na Njaa

Wako wenzetu wasemao kuwa muziki mkubwa wa Ulaya ni anasa ya walioshiba. Sisi twawajibu kwa habari ya Leningrad, mji wa Urusi uliozingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hata Januari 1944, watu wakafa njaa kwa malaki. Tarehe 9 Agosti 1942 Karl Eliasberg aliongoza humo simfoni ya saba ya Shostakovich. Wapigaji wake walikuwa wamebaki wachache, nao hawana hata pumzi za kupulizia tarumbeta; wengine waliazimwa jeshini. Vipaza sauti viliufikisha muziki mabarabarani, na kwa adui pia. Kwanza mizinga ya Warusi ilinyamazisha mizinga ya Wajerumani, ili watu wasikilize. Jemadari gani atumiaye baruti kwa ajili ya anasa?