Pete Ikipwaya, Wacha Kuikimbizia Msumeno

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hii tabia ya kukata pete.

Pete ikilegea kidogo tu, jibu la kila mtu ni moja: peleka ikatwe. Mama atakwambia hivyo. Beshte yako atakwambia hivyo. Mwenye duka la vito naye atakwambia kwa sauti kuliko wote, na kabla hajauliza hiyo pete ni ya madini gani, ilitoka kwa nani, ama inapwaya saa ngapi za siku, tayari ameshapiga hesabu kwa simu. Mimi nasema hapana. Kukata ni hatua ya mwisho, na nyinyi mmeifanya ya kwanza.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Uliacha chuo, unatufunza nini?" Sawa, niliacha. Lakini rula naijua kusoma, na hii maneno yote ni ya rula.

Anza na kidole chako. Kidole si bomba la maji, ati kipimo kimoja tangu asubuhi hadi usiku. Joto likipanda, kinavimba. Baridi ikiingia, kinanywea. Ukila chumvi nyingi, ukitoka kukimbia, ukiamka, ukiwa karibu na siku zako za mwezi, kinabadilika. Mkono unaoutumia kuandika mara nyingi una vidole vinene kidogo kuliko ule mwingine. Sasa chukua mtu wa Nairobi, mwezi wa saba, asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Anaona pete inacheza. Anakimbia tao, inakatwa ikae sawa siku hiyo hiyo. Desemba anashuka Mombasa kula sikukuu, kidole kinafura, pete haitoki hata na sabuni. Pete haina makosa hapo. Makosa ni ya yule aliyepima mara moja akaita hiyo ukweli wa maisha.

Halafu kuna kifundo. Angalia vidole vyako sasa hivi. Wengi wetu tuna kifundo kinene na shina jembamba. Pete lazima ipite kifundo ndiyo ifike mahali pake, na ikishafika inakuta nafasi. Inaanza kuzunguka, jiwe linageuka chini, unalirudisha juu siku nzima kama mtu anayetafuta stesheni kwa redio ya zamani. Ukikata pete kama hiyo itoshee shina, haitapita kifundo. Ukiiacha ipite kifundo, itaendelea kucheza. Kwa hivyo kukata hapo hakutatui kitu. Kinachohitajika ni kujaza ile nafasi ya ndani, upande wa kiganja, na hiyo unaweza kufanya kwa uzi.

Ndiyo, uzi. Nitarudi hapo.

Kwanza hesabu. Kwa mfumo wa namba wa Marekani, ambao maduka mengi ya mtandaoni hutumia, nusu saizi ni tofauti ya karibu milimita 1.3 ukizungusha pete mzima. Kwa upana wa tundu, ni karibu milimita 0.4. Sasa niambie, ni nani duniani anaweza kuona milimita 0.4 kwa macho? Lakini kila wikendi kuna video ya mtu amepiga goti, pete inaingia imelegea, na maoni ni yale yale: "Angekuwa anampenda angejua saizi yake." Jamaa amedunduliza miezi, amenunua pete kwa siri bila kupima kidole, amekosea kwa unene wa kadi chache za simu, na nyinyi mnamhukumu kama ametoroka na pesa za chama. Hii ni ujinga, na ni ujinga unaoumiza watu. Dada anarudi nyumbani siku ambayo ingekuwa tamu, anaanza kujiuliza kama anajulikana kweli. Pete ikilegea nusu saizi inamaanisha imelegea nusu saizi. Hakuna ujumbe mwingine ndani.

Kuna pete pia ambazo hazikatwi, na hapa ndipo watu wanapoteza doo. Zile nyeusi nzito za tungsten ambazo vijana wengi wananunua mtandaoni ni ngumu kiasi kwamba haziwezi kukatwa na kuunganishwa tena. Za seramiki ni vivyo hivyo. Titani na chuma kisichoshika kutu zinasumbua sana, na mafundi wengi hawazigusi. Pete iliyozungushiwa mawe duara lote haina mahali pa kukatwa bila kuharibu mpangilio. Ile ya kupakwa dhahabu juu, moto wa kuchomelea utaibabua rangi. Lulu na opali hazipendi moto kabisa. Na kama ndani kuna jina au tarehe iliyochongwa, msumeno hausomi.

Hiyo ya mwisho nimeiona kwa familia yetu. Binamu yangu alirithi pete ya shosho, dhahabu nyembamba, ndani imechongwa jina la guka na mwaka wa harusi yao. Ilikuwa inampwaya kidogo. Duka moja la mjini likamwambia hakuna njia nyingine, lazima ikatwe. Ikakatwa. Ikarudi inang'aa vizuri, lakini mwaka umebaki tarakimu mbili, na kile kipande kilichotolewa hakuna aliyemrudishia. Alipouliza, aliambiwa "hiyo ni takataka ya kazi." Takataka? Dhahabu ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu tupu, hata ikiwa kipande kidogo kama punje ya mchele. Miezi kadhaa baadaye akapata mimba, vidole vikavimba, pete ikamkatalia kabisa. Leo iko kwenye kikopo juu ya kabati. Shosho aliivaa miaka na miaka akilima, akifua, akisukuma toroli la maziwa. Imeshindwa na ushauri wa dakika tano.

Ndiyo maana nina hasira na hii mada. Watu wengi wa rika letu hawana vitu vingi vya kurithi. Hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna gari. Kuna pete. Ukiikata vibaya, ushafuta kitu ambacho hakuna duka litakuuzia tena.

Sasa ufanye nini? Sikiza.

Uzi. Chukua uzi mwembamba wa kushonea, rangi inayokaribiana na pete, uuzungushe kwa kubana upande wa chini tu, ule unaokaa kwenye kiganja. Si duara lote. Anza na mizunguko michache, jaribu, ongeza kama bado inacheza, kisha funga fundo dogo lilale kwa ndani. Kwa juu hakuna mtu ataona. Ukichafuka, toa, weka mwingine. Bei yake unaijua.

Kuna vile vimzunguko vya plastiki laini vya kupenya nuru, vimesokotwa kama waya wa simu ya mezani. Unavisokotea kwenye pete upande wa chini, unakata kilichobaki. Kuna pia vipande vya silikoni vya kubandika ndani. Vyote vinauzwa mtandaoni, na vyote vinatoka siku ukitaka.

Rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa kwa pete za bei nafuu, hasa za shaba. Paka ndani tabaka moja, iache ikauke kabisa, paka lingine. Inapunguza nafasi kidogo na inazuia kidole kugeuka kijani. Itabanduka baada ya muda, utapaka tena. Usiipeleke karibu na lulu.

Zile pete za shaba za mafundi wa jua kali, nyingi zimeachwa mwanya nyuma. Unazibana kwa vidole taratibu, basi. Usizibane na kuzipanua kila siku, shaba inachoka na kuvunjika.

Njia nyingine ni kuhamisha kidole. Nani alisema pete ya shosho lazima ikae kidole kimoja? Cha kati kipo. Mkono wa kulia upo. Mkufu upo, uivae shingoni.

Halafu kuna njia ya fundi ambayo wengi hawaambiwi: sonara anachomelea vidoti viwili vidogo vya madini yale yale ndani ya pete, upande wa chini. Pete inapita kifundo, vidoti vinaishika isizunguke. Duara halikatwi, na ukitaka vidoti vinaweza kuondolewa baadaye. Moto bado upo, kwa hivyo mwambie fundi mapema ni jiwe gani liko juu. Kwa hivyo usiniambie ati nataka mafundi walale njaa. Fundi anayejua kazi yake atalipwa kwa hiyo. Mimi nagombana na yule anayejua jibu moja tu.

Na kuna vitu hufai kufanya hata ukiwa na haraka vipi. Gundi kali ya papo kwa papo, hapana: ikigusa ngozi inanata, ikigusa jiwe inaacha doa. Mpira wa kufungia pesa, hapana: unabana damu. Chochote ulichoweka ndani kinashika maji na sabuni, kwa hivyo vua pete ukiosha vyombo ama ukinawa, kausha kidole, ndiyo urudishe. Usipofanya hivyo utapata vipele halafu useme ni mzio wa dhahabu.

Najua majibu mtanipa.

Wa kwanza atasema hizi ni mbinu za umaskini, ati mtu mwenye heshima hawezi kuvaa pete ina uzi. Mwaka 1761 Mfalme George III wa Uingereza alimpa Malkia Charlotte, siku ya harusi yao, pete ya almasi ya kuvaliwa pamoja na pete ya ndoa ili kuilinda. Pete moja inazuia nyingine isitoke. Ni wazo lile lile tu, lao lina almasi. Tajiri akifanya linaitwa urithi wa kifalme, wewe ukifanya kwa uzi unaitwa mshamba. Na ukitaka hiyo ya malkia kwa bei yako, tafuta pete nyembamba inayobana kidogo, ivae juu ya ile inayopwaya. Imeisha.

Wa pili atasema hizi zote ni suluhisho za muda. Kweli kabisa. Na kidole chako pia ni cha muda. Utanenepa, utakonda, utazaa, utazeeka, viungo vitafura. Kitu kinachoweza kutolewa ndicho kinafaa mwili unaobadilika.

Wa tatu ana hoja ya maana: pete iliyolegea ni hatari, inaweza kupotea au kunasa. Hapo tunakubaliana, ndiyo maana sijasema uiache hivyo hivyo. Ila kunasa si kwa pete zinazopwaya peke yake. Mwaka 2015 mtangazaji Jimmy Fallon wa Marekani alijikwaa nyumbani kwake, pete ya ndoa ikanasa kwenye meza alipokuwa anaanguka, na alifanyiwa upasuaji mrefu kuokoa kidole. Kwa hivyo kama uko mjengo, gym, ama unaning'inia mlangoni mwa matatu, vua pete. Iwe imebana, iwe imelegea, iwe imekatwa na fundi bora wa Biashara Street.

Je, kuna siku ya kukata? Ipo. Kama ni dhahabu au fedha tupu, haina maandishi ndani, na imekupwaya saizi nzima au zaidi kwa misimu yote, joto na baridi, basi peleka. Lakini ingia pale na maswali. Ipimwe uzito mbele yako kabla na baada. Uliza jiwe litakingwa vipi na moto. Sema wazi kwamba kipande kitakachotolewa unakitaka, kwenye karatasi, mkononi. Fundi mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu lako, beba pete yako utoke.

Kabla ya hapo, jipe wiki moja. Ijaribu pete asubuhi, mchana na usiku. Itikise mkono juu ya kitanda, si juu ya sinki. Inafaa ipite kifundo kwa kubisha kidogo, kisha itulie. Kama inaruka saa za baridi peke yake, uzi unatosha. Kama inazunguka tu lakini haitoki, tatizo ni kifundo, jaza upande wa chini.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda kikikonda pete ipelekwe kwa msumeno. Kama uko na pete ya mtu aliyekupenda, hai au marehemu, na kuna mtu anakuharakisha uikate kesho, mwambie angoje. Uende kwa duka la kona kwanza, ununue uzi.