Idi ya Mama Iko Wapi?



Kila Idi hapa Awindiri ni yale yale: baba na vijana wamevaa kanzu, wanaelekea kuswali, mama amebaki jikoni na moshi. Kisha tunajisifu tumesherehekea! Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake watoke siku ya Idi, hata wenye hedhi wahudhurie kheri na dua, ingawa hawaswali. Hadithi ni ya Ummu Atiyya, imo katika Bukhari na Muslim. Sisi tumepata wapi ruhusa ya kuwafungia na masufuria?

Tusiseme chakula kitachelewa. Kinachochelewa ni pesa ya baba, inayotoka usiku wa kuamkia Idi! Itoke siku tatu kabla. Usiku ule mchele wa pilau uchambuliwe, vitunguu vimenywe, unga wa kisra ukorogwe uchachuke. Vijana wateke maji na kupasua kuni. Baada ya swala tuingie jikoni sote. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Nani kati yetu ni mkubwa kuliko yeye?

Bora tule saa tisa, lakini mama naye awe ametoka.

Taqabbalallahu minna wa minkum.