Dola 300 za mama yake Lual Mayen
Na Lado Wani

Kila jina la Lual Mayen linapotajwa hapa Juba, huambatana na neno muujiza. Mtoto wa kambini aliyejifundisha kompyuta, akaunda gemu, akaishia jukwaani Los Angeles. Naipenda sana habari hiyo, lakini kuiita muujiza ni kumdhulumu mwanamke aliyeigharimia, na kutupa sisi wengine ruhusa ya kukaa tu.

Wazazi wa Mayen waliikimbia vita ya miaka ya 1990, na yeye akazaliwa njiani, kabla familia haijatua Uganda. Akakulia kambini Adjumani, mkimbizi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2007, siku ya kuandikisha wakimbizi, aliona kompyuta kwa mara ya kwanza maishani, akarudi akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama hakumcheka. Kwa miaka mitatu, katika maisha ya kambini ambamo kila sarafu ina shimo lake la kuziba, alidunduliza mpaka zikafika dola 300, akamkabidhi. Kambini hapakuwa na umeme wa kuiwasha hiyo kompyuta. Kijana akawa anakwenda kwa miguu mwendo wa saa tatu ili aichaji na kuitumia.

Kwangu mimi, huyo mama ndiye mwekezaji wa kwanza wa tasnia ya gemu ya Sudan Kusini. Hakuna benki wala wizara iliyomtangulia.

Mwaka huohuo wa 2007, Mkenya Wesley Kirinya alikuwa Nairobi anatoa The Adventures of Nyangi, mojawapo ya gemu za kwanza za 3D kutengenezwa katika ukanda wetu. Mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya Leti Arts. Vijana wawili, Afrika Mashariki hiyohiyo, lakini mmoja ana umeme, chuo na wenzake wa kubishana nao, na mwingine ndiyo kwanza anaiona kompyuta kwenye meza ya karani. Hapo akili haikuwa na upungufu wowote.

Mayen alipoonjeshwa gemu ya Grand Theft Auto na rafiki, alitambua kwamba gemu humvuta mtu akatenda, hata kama ni kwa kidole tu. Akajiuliza ingekuwaje kama kitendo hicho kingekuwa cha amani. Ndipo ikazaliwa Salaam. Kwa kuwa kambini intaneti ilikuwa ya shida, aliirusha kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, kisha akaiweka Facebook, watu wa mbali wakaiona. Akaanzisha studio yake, Junub Games, na mwishowe akahamia Washington. Septemba 2018 viongozi wetu walitia saini mkataba wa amani Addis Ababa. Miezi mitatu tu baadaye, Desemba ya mwaka huo, Mayen naye na gemu yake ya amani wakatunukiwa huko Los Angeles, kwenye tuzo za gemu za The Game Awards.

Salaam alivyoibuni upya huko Marekani ina jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe. Mchezaji ni mkimbizi. Anakimbia mabomu, anatafuta maji, chakula na dawa. Nguvu zikimwishia hana budi kununua nyingine kwa fedha halisi, na katika mpango wa Mayen fedha hiyo inageuka maji, chakula na dawa kwa mkimbizi aliye kambini kweli. Michoro na sauti vina mafundi wake. Lakini mbunifu ndiye anayeamua mchezaji aumie kwa lipi na atuzwe kwa lipi, na uamuzi huo ukikaa vizuri humfundisha mtoto pasipo hotuba.

Nayasema haya nikiwa Bilpam, mtaa unaobeba makao makuu ya jeshi letu, yaliyopewa jina la kambi ya porini huko Ethiopia lilikoanzia jeshi la ukombozi la SPLA mwaka 1983. Vita ya Desemba 2013 ilifika hapa mapema, na Julai 2016 Juba ikawaka tena. Juzi jioni, kwenye kibanda cha kuchajia simu, niliwaona wavulana wawili wamebanana juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka, waya ungali umechomekwa. Mmoja alishika upande wa kushoto kwa kidole gumba, mwenzake wa kulia, wakipokezana amri kwa Kiarabu cha Juba: mmoja anakimbiza askari, mwingine anafyatua. Walikuwa mahiri ajabu. Gemu yenyewe ilikuwa ya kuua kila anayejitokeza, nayo walirushiwa na mwenye kibanda kwa sababu bando ni ghali. Mtoto wa Bilpam hahitaji kufundishwa mlio wa bunduki.

Wavulana wale wana kipaji. Nani atawapa dola 300? Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta yetu lilipasuka huko Sudan, na watumishi wa umma pamoja na askari wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mke wa askari anayeuza chai hapa kando ya barabara hawezi kudunduliza kama alivyodunduliza mkimbizi wa Adjumani, na huyo alikuwa mkimbizi! Hili linaniuma kuliko maelezo yoyote ya uchumi.

Naomba mambo madogo kabisa. Juba sasa ina umeme wa gridi, ijapokuwa si kila nyumba. Kila payam, yaani kila tarafa ya kaunti, na itengewe chumba kimoja chenye umeme huo, kompyuta kumi na intaneti, kiwe wazi jioni, na kijana mmoja alipwe mshahara wa kukisimamia, mshahara usiokatika. Kampuni za simu zinazotuuzia bando zinaweza kulifanya hili hata kabla ya serikali. Na Mayen ana gemu nyingine, Wahda, ya kuchezwa mezani, ambayo wachezaji wake huchagua kati ya njia ya amani na njia ya vita. Hiyo haisubiri chaja wala bando. Wizara ya elimu inunue nakala zake, ianze na shule zinazosomesha watoto wa askari, na walimu wapewe muda wa kuicheza nao.