Matembezi ya Shirika Hayana Bei

Mwezi wa saba unapoanza, masomo yakiwa yamefungwa na mvua ikiwa imeviacha vilima vya Bukavu, karatasi hubandikwa kwenye mlango wa kanisa. Juu yake huandikwa siku, mahali na kiasi. Siku husomwa upesi, mahali husomwa kwa furaha, lakini kiasi husomwa mara mbili: dola 10 kwa kila kijana, au dola 15 pamoja na fulana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, huandikwa kwamba asiyelipa kabla ya Jumapili jina lake litafutwa. Sisi tunasema wazi kwamba karatasi ya namna hiyo isibandikwe tena mlangoni mwa kanisa. Tiketi za tamasha zina mahali pake pa kuuzwa.

Hatusemi haya kwa kuyachukia matembezi. Wako wazee katika mabaraza ya parokia zetu ambao wangefurahi kusikia kwamba yamefutwa kabisa. Husema vijana huondoka na dhambi zao na kurudi wakiwa wameongeza nyingine. Katika jambo hili wazee hao si wenzetu. Kijana anayelala mwaka mzima katika chumba kimoja na ndugu zake saba, kwenye mteremko wa Kadutu ambako kila nyumba huegemea mgongo wa nyumba nyingine, anahitaji siku ya kukimbia juu ya majani, ya kuimba bila jirani kugonga ukuta, ya kukaa na wenzake mchana kutwa pasipo mtu kumtuma maji. Bwana wetu mwenyewe, mitume waliporudi kutoka kazini wamechoka kiasi cha kukosa hata nafasi ya kula, aliwaita waende kando, mahali pa utulivu, wakapumzike. Marko anatusimulia hayo katika sura ya 6. Anayewanyima vijana mapumziko kwa jina la utakatifu na aisome kwanza sura hiyo.

Lakini tukiisha kuisoma tusiifunge Biblia mapema. Mitume walikwenda kwa mashua. Umati ukakimbia kwa miguu ukitoka miji yote na kufika kabla yao. Jioni ilipokaribia, mitume walitoa shauri la busara: watu waagwe, kila mmoja akajinunulie chakula chake. Walipoambiwa wawalishe wao, wakapiga hesabu, wakaona zingehitajika dinari 200. Kamati zetu za matembezi zinaweza kujitambua hapo bila kusaidiwa. Bwana hakuijadili hesabu ile. Aliuliza kuna mikate mingapi, akawaketisha watu makundi makundi kwenye majani mabichi, nao wakala wote. Daftari la waliolipa halikuwepo. Tena Yohane anaongeza jambo ambalo vijana wangepaswa kulisimulia kila mwaka: mikate ile mitano ya shayiri na samaki wale wawili vilitoka kwa mtoto mmoja. Ilianza na mtoto mwenye chakula cha safari, si na mfadhili.

Tuwaulize basi viongozi wa mashirika yetu: shirika ni nini? Maaskofu wa Kongo walipochagua, mwaka 1961, kuzifanya jumuiya hai za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji, walitaka Wakristo wa mtaa mmoja wajuane, waombe pamoja, wauguzane na kuzikana. Hawakuweka kiingilio. Kila juma tunasali nyumba kwa nyumba. Tunaketi juu ya mkeka wa mama mjane, tunakunywa maji yake, tunamsifu kwa ukarimu wake. Halafu mwezi wa saba tunaondoka kwa basi na kumwacha binti yake amesimama kando ya barabara kwa sababu mama hana dola 10. Kwa familia inayoishi kwa kuuza sambaza au makaa kwa kipimo, pesa hizo ni chakula cha siku kadhaa, na hakuna katika kamati asiyelijua hilo.

Tutajibiwa kwamba maisha yamepanda na mafuta ya gari hayatolewi bure. Ni kweli. Lakini ni nani aliyesema kwamba lazima liwepo gari? Mwaka 1952 Padri Georges Defour, Mmisionari wa Afrika, alipoanzisha Xaveri hapa Kivu, aliwalea vijana kwa michezo, nyimbo, kambi na safari za miguu. Waliopitia Xaveri, Skauti au Kiro wanajua matembezi yalivyokuwa: huyu alibeba sufuria, yule alibeba unga, mwingine maharagwe, na asiyekuwa na kitu alibeba kuni au kumshika mkono mdogo aliyechoka. Hakuna aliyejua nani kaleta nini chakula kilipoiva, kwa sababu sufuria ilikuwa moja.

Matembezi hayo yalikuwa na nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliufuta umoja wa vijana wa kila dini, ili ibaki JMPR, vijana wa chama chake, peke yake. Ni mwaka uleule Kardinali Malula alipolazimika kukaa uhamishoni Roma. Serikali haifuti kikundi kwa sababu kinacheza mpira na kuchemsha maharagwe. Ilifahamu kwamba vijana waliozoea kutembea pamoja, kugawana mzigo na kumsubiri aliye nyuma, ni vigumu kuwageuza kuwa watu wa kupiga makofi tu. Vyama vile viliinuka tena baadaye. Sasa tujiulize kama kuna utawala wowote duniani ambao ungejisumbua kuyafuta matembezi yetu ya leo.

Maana dola zile 10 huenda wapi? Sehemu kubwa humezwa na basi, kwa kuwa kamati imechagua mahali pa mbali ili picha zipendeze. Kisha spika na jenereta. Kisha kodi ya kiwanja kando ya ziwa, chenye viti vya plastiki na mlinzi. Kisha bia ya viongozi, ambayo katika hesabu huandikwa “mengineyo”. Vijana hufika saa tano, hucheza muziki uleule wanaousikia kila siku mtaani, hupiga picha, hula kila kikundi na wenzake waliochanga pamoja, hurudi. Ziwa lilikuwepo pale siku nzima na hakuna aliyeligeukia isipokuwa kwa kulipa mgongo kwenye picha. Chupa tupu hubaki majini. Na sisi wa Bukavu hatuna haki ya kujifanya hatujui ziendako: plastiki za Ziwa Kivu hutelemka hadi kwenye bwawa la Ruzizi, huziba mitambo, na umeme unapokatika tunanung'unika gizani. Papa Fransisko alituandikia *Laudato Si'* mwaka 2015. Tumeifanyia semina ngapi tangu hapo?

Yule aliyeachwa hapigi kelele, wala hamfuati paroko kulalamika. Husema kuna mgonjwa nyumbani, au ametumwa kijijini. Wenzake wanaporudi na nyimbo mpya na vichekesho ambavyo yeye havielewi, hucheka nao kidogo kwa adabu. Mwezi wa nane haonekani kwenye mazoezi ya kwaya. Baadaye tunakaa kikao kuuliza kwa nini vijana wanakimbilia madhehebu mengine, na hakuna anayelikumbuka lile basi.

Lipo pia jambo ambalo katika mikutano yetu husemwa kwa kunong'ona, nasi tunaona limenong'onwa kutosha. Msichana wa miaka 16 asiye na mchango, anayeogopa kuonekana mtu duni mbele ya wenzake, hulipiwa na mtu mzima asiye baba wala mjomba wake. Mhazini hupokea pesa, huandika “amelipa”, wala haulizi. Deni la namna hiyo hudaiwa, na kila mmoja wetu anajua linavyodaiwa. Wazee wanaosema mimba hutoka porini wanatazama mbali. Walitazame daftari la mhazini. Kamati inayopanga bei isiyofikiwa na mabinti wa mtaa wake, kisha ikapokea pesa bila kuuliza zinatoka mkononi mwa nani, isijitetee kwamba siku ya matembezi iliwatenga wavulana na wasichana kwenye viti vya basi.

Mlango mwingine wa fedha ni mheshimiwa. Uchaguzi unapokaribia, basi hupatikana bure na fulana pia, zikiwa na sura yake kifuani. Vijana huimba jina lake njia nzima, na padri huketi mbele karibu na dereva. Watu wale wale, tarehe 15 Juni 2025, walishangilia Floribert Bwana Chui alipotangazwa Mwenyeheri huko Roma: kijana wa Goma, mlei kama ninyi, mtumishi wa forodha, aliyekataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni, akauawa kwa ajili hiyo mwaka 2007. Tumebandika picha yake sakristiani. Je, angepanda basi lile?

Kuhusu ziwa hatuna maneno mengi, kwa kuwa msiba umekwisha kusema. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, Goma, huku watu wakitazama kutoka ufukoni. Wale walikuwa wasafiri ambao vita vilikuwa vimewafungia barabara. Hawakuwa na njia nyingine. Shirika linalowapakia watoto 60 katika boti ya watu 30 ili wakafanye karamu upande wa pili halina udhuru huo. Kila mtoto awe na jaketi la kuokoa maisha mwilini, limefungwa, kabla ya kamba kufunguliwa. Likikosekana moja, safari haipo.

Nanyi vijana, msidhani tunawapendekezea matembezi ya huzuni. Mtazameni Pier Giorgio Frassati, wa Torino huko Italia, ambaye Kanisa lilimtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alikuwa mtoto wa tajiri, mwenye gazeti kubwa. Alipanda milima, alipenda mzaha, aliunda na marafiki zake kikundi cha matembezi walichokipa jina la kuchekesha. Mfuko wake ulikuwa mtupu mara nyingi kwa sababu pesa ya safari ilikwisha kutolewa kwa maskini, naye akarudi nyumbani kwa miguu. Alikufa mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na siku ya maziko yake njia zilijaa maskini ambao familia yake haikuwajua. Yeye alikuwa na uwezo wa kulipa basi. Hilo ndilo linalotuvutia kwake.

Wengine watatuambia: vita vimegusa kila nyumba, wakimbizi wako madarasani, nanyi mnaandika habari za matembezi? Tunaandika kwa sababu hiyo hasa. Mtoto aliyelala chini ya kitanda akisikiliza risasi anahitaji kukimbia mchana mweupe na kuchoka kwa kucheza. Yule aliyekimbia kutoka kijiji chake na sasa anaishi kwa shangazi katika mtaa wetu hana hata jina katika orodha ya kamati, kwa kuwa hajulikani. Na siku ya matembezi ndiyo siku rahisi kuliko zote ya kulijua jina lake. Ni kweli kwamba njia nyingi hazina usalama. Basi tusiende mbali. Panda ya Ciriri inatosha kuwatoa jasho wavulana wanaojisifu, na kutoka juu ziwa huonekana bila kodi ya kiwanja.

Tunayoomba kwa mabaraza ya parokia ni machache. Mchango wa pesa ufutwe. Kila nyumba ilete inachokula: muhogo, ndizi, sombe, sambaza, kikombe cha chumvi, na visivyoletwa visiulizwe. Mapishi yawe katika sufuria za shirika zima, wavulana wakipika nao, maana hatujasoma popote kwamba moshi ni wa wasichana. Mwenye dola 10 anayetamani kuzitoa azipeleke kwa wagonjwa wa mtaa kabla ya siku ile, kimya kimya. Misa iwe asubuhi, fupi, mahali pale pale. Kila kikundi cha mabinti kiwe na mama mmoja wa shirika anayewajua, na watu wote wawe wamerudi kabla ya saa kumi na moja. Walemavu wabebwe, vijana wenye nguvu wako wengi kuliko wanavyojionyesha siku ya kufagia kanisa. Taka zirudi na waliozileta.

Na kuhusu fulana: zile za mwaka jana bado zinavaliwa.